Mbuzi Wako Kwangu: Hofu ya Mkalimani wa Korti Isiolo

Ni saa tatu asubuhi, korti mjini Isiolo imejaa hadi mlangoni, na Mumina amesimama kando ya kizimba roho mkononi. Yeye ni mkalimani. Kiingereza cha hakimu anakipeleka kwa Kiborana, na jibu analirudisha. Kizimbani yuko Huqa, mfugaji wa Gotu, anayeshtakiwa kwa kuiba mbuzi wa jirani.

Shtaka linasomwa, Mumina analitafsiri polepole. Huqa habanduki wala hababaiki. Anajibu kwa sauti ya kufika nje kwamba ndiyo, aliwachukua, na mbuzi wako kwake. Amesimama kifua mbele.

Hapo ndipo Mumina anaposita kutafsiri.

Anajua, kama ajuavyo yeyote aliyekulia zizini, kwamba mbuzi wa watu wakijichanganya na wako kisimani, unawalinda na kutangaza kuwa wako kwako mpaka mwenyewe atokee. Anayekana ndiye mwizi. Lakini kortini, kukubali kuwa ulichukua na kukiri kuwa uliiba ni mambo mawili, na Kiingereza kina maneno yake kwa kila moja. Huqa haijui tofauti hiyo. Na mkalimani haruhusiwi kumfundisha.

“Mimi si wakili,” anasema baadaye, akiwa ameketi kwenye benchi la nje. “Nikiongeza neno, nimeharibu kesi. Nikipunguza, nimefunga mtu. Sasa wewe niambie, hapo utalala?”

Mama huyu wa watoto watatu anaishi Bulla Pesa. Hulipwa kwa siku anazoitwa tu. Siku nyingine huuza maziwa ya ngamia. Maziwa, anasema, hayajawahi kumnyima usingizi.

Maneno ya korti ndiyo yanamtesa. Kuna ‘acquitted’, yaani umeshinda kesi yako. Kuna ‘discharged’, ambayo mara nyingine ni kuachiliwa huku polisi wakiwa na ruhusa ya kukukamata tena. Kwa familia iliyoketi nyuma, yote mawili ni kwenda nyumbani kuchinja. Mumina huyaeleza kwa sentensi nzima, na bado huwaza kama yamefika.

Asubuhi hii anamwambia hakimu kwamba mshtakiwa amesema aliwachukua, hajasema aliwaiba, kisha yeye mwenyewe anaomba Huqa aulizwe zaidi.

Hakimu anauliza kama Huqa alitaka mbuzi wawe wake.

“Mbuzi wa mtu nitafanya wangu aje?” Huqa anajibu kwa Kiborana, amekasirika. “Nilikuwa nangoja mwenyewe.”

Inaandikwa kwamba amekana shtaka. Anapewa dhamana na tarehe ya kusikilizwa. Mumina anashusha pumzi.

Nafuu hiyo haidumu. Kwenye baraza Huqa anamngoja, mkewe Racho akimvuta mkono waondoke. Huqa ameambiwa kilichoandikwa, na kwake ni matusi.

“Dada, mimi sijawahi kukana kitu mbele ya watu,” anamwambia. “Umenifanya mwizi. Nikirudi, nitawaambia waandike ndiyo.”

Kwa Mumina, kumweleza ni kumshauri, na kumshauri ni kuvunja kiapo cha kazi yake. Anamtazama akienda zake, na anaumia.

Ila hajakata tamaa. Amempigia Abdikarim, msaidizi wa kisheria wa mtaa wa Chechelesi, aende Gotu akamweleze Huqa yale ambayo yeye hawezi. Akipata nafasi, anataka wasaidizi kama Abdikarim wakae na wafugaji siku za soko, kabla mtu hajakamatwa.

Abdikarim ameahidi kwenda, lakini Huqa amehamisha mifugo kutafuta malisho na simu yake haishiki.

“Naomba Mungu Abdikarim amfikie,” anasema Mumina. “Kwa sababu Huqa akisimama pale aseme ndiyo, ni mimi nitaisema kwa Kiingereza.”