Kambare Apanda Ngazi Kitengela

Juma lililopita nilisimama kando ya bwawa huku Kitengela, kwenye mfereji mpya wa ngazi uliojengwa ili samaki wapande mto na maji yafike tena kwenye kinamasi. Afisa wa maji alikuwa ameonya kwamba samaki wasipopanda, mfereji utazibwa. Mama mmoja Mmaasai, ambaye ng'ombe wake hutegemea nyasi za kinamasi wakati wa kiangazi, aliinama akiyakodolea maji macho.

Ghafla kambare akajipinda, akaruka ngazi ya kwanza.

"Panda, baba! Panda!" mama akapaza sauti, shuka ikimponyoka begani.

"Kwani leo utapika samaki?" jirani yake muuza nyanya akamtania.

"Mimi? Nile hiyo nyoka ya maji? Wacha!"

Kambare akavuka ngazi zote. Afisa akapiga makofi, akatangaza kwamba mfereji utabaki. Kwa maoni yangu, samaki hana mtetezi wa kuaminika kumshinda yule asiyemla.