Kitabu cha Shangazi Kinavyozama

Shangazi yangu wa Mwimbi ameandika kitabu kimoja tu, kuhusu kufukia nyasi ndani ya matuta mvua zikielekea kuisha, ili zioze na msimu unaofuata ulezi uote bila mbolea ya dukani. Nilimsaidia kukiweka kwenye duka la vitabu mtandaoni. Duka lilituonya kwamba kitabu kisichopata msomaji hadi katikati ya mwaka kitaondolewa.

"Nataka mtu mmoja tu akisome nikiwa hai," alisema.

Nikawaambia majirani zangu wa Malangali, hapa Sumbawanga, wakitafute. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja mkulima. Aliandika taratibu kwenye sehemu ya kutafutia: Shikamoo, naomba kitabu cha matuta.

"Mzee, humo hamna mtu wa kuamkiwa."

"Wewe huwa unaingia dukani kwa watu kimya kimya, kama mwizi?"

Kilichotokea juu kabisa kilikuwa kitabu cha kutajirika haraka. Cha shangazi kilikuwa chini yake kidogo. Mzee akafungua kile cha juu.

"Si hicho."

"Najua. Lakini ndicho walichonitolea. Nitaondokaje bila hata kukishika?"

Nilicheka. Wengine nao wakafanya vilevile: salamu, ombi, kisha kukishika kwa heshima kile walichotolewa. Cha shangazi wakakiacha kwa siku nyingine. Nilijaribu kuwatumia kiungo cha moja kwa moja, lakini watoto wao walishawaonya wasiguse viungo, ni vya matapeli.

Kila nilipotafuta mwenyewe, cha shangazi kilikuwa kimeshuka. Kikaingia ukurasa wa pili, halafu nikawa nasogeza kidole hadi kinachoka.

Ukitafuta kitabu ukakikosa, usijione mjinga. Chombo cha kutafutia hakisomi kilichomo ndani ya vitabu. Kinaangalia maneno ya jalada, na jalada la shangazi linataja udongo unaopumzika, halina neno matuta. Kisha kinaangalia vidole vya watu vimegusa wapi. Adabu hakiijui. Kila jirani aliyeshika kile cha juu kwa heshima alikuwa amekipandisha, na cha shangazi kikazidi kuzama.

Leo asubuhi niliandika jina lote la kitabu chake, neno kwa neno. Kikaja kile cha kutajirika, na juu yake maandishi: kinapendwa sana Sumbawanga. Niliendelea kusogeza. Cha shangazi sikukiona.

Simu ikaita. Ni yeye.

"Wanakitafuta?"

"Wanakitafuta, shangazi. Ila naomba wasimame kwanza, nikueleze..."

"Wasimame tena? Nimeshaongea na padri. Jumapili atatangaza kwenye misa zote, na ndugu zetu wa Mtowisa nimewatumia salamu. Kanisa zima litakitafuta, mwanangu."

Alikuwa anacheka kwa furaha. Nikaanza kumweleza upya, polepole, lakini mtandao ulikuwa unakatika, na Jumapili ni kesho.