Mtutu wa Mzee Asa

Juu ya jiko la kuni la kambi ya wawindaji kulikuwa na mapindo ya mashati arobaini na kitu, yamepigiliwa misumari ukutani, kila moja na jina na mwaka. Oleta Scoggins aliyajua yote, maana ndiye aliyepika chini yake kila Novemba. Huko kwao, mabondeni kusini mwa Arkansas, mwanamume akimkosa kulungu hukatwa pindo la shati mbele ya wenzake, na kipande kinapanda ukutani. Akikosa misimu mitatu mfululizo, ananyang'anywa kituo chake cha kuwindia na kuingizwa jikoni. Kituo humwendea aliyemwangusha yule mnyama aliyemponyoka.

Mapindo mawili ya mwisho ukutani yalikuwa ya Doyle, mume wake.

Kituo chenyewe kilikuwa cha baba yake Oleta, Mzee Asa Crowder: kisiki cha mwaloni juu ya tuta, njia tatu za kulungu zikipita chini yake. Asa alimpeleka pale akiwa na miaka tisa, akamfundisha kutulia mpaka kindi akapanda kiatu chake. Mtoto wa kiume hakuwa naye. Alipokufa, wanaume wa kambi walikaa, wakanywa kahawa, wakampa mkwe wake kituo na bunduki pamoja. Oleta wakampa aproni. Hakulia. Akina Crowder hawalii mbele ya watu wanaotafuna.

Bunduki ilikuwa ile ya kukoki kwa wenzo wa chuma chini ya kifyatuo, vuta chini, rudisha juu, na ganda la risasi linaruka. Haikuwa na ubaya wowote ila mmoja. Haisafishiki kwa nyuma. Lazima fimbo ya chuma iingilie mdomoni mwa mtutu, na Oleta ndiye aliyeiingiza kila Jumapili kwa miaka kumi na sita, kwa sababu Doyle hakupenda kuchafua vidole.

Ubaya wa Doyle ulikuwa mwingine. Kila alipovuta kifyatuo alifumba macho yote mawili na kukunja uso kama mtoto anayenyweshwa mafuta ya mbarika. Oleta aliliona hilo mwaka wa kwanza wa ndoa, akamwambia kwa upole. Doyle aliinua sufuria ya maharage, akaenda akawamwagia mbwa.

"Siku utakayoota ndevu," akasema, "ndiyo utakayonifundisha kulenga."

Basi hakumwambia tena. Hata mara moja.

Baada ya pindo la pili Doyle aliipeleka bunduki mjini kwa Treadway, fundi bunduki mzee mwenye jicho moja la kazi. Alishaamua kabla hajafungua mlango: mtutu umekufa, atie mpya. Treadway aliuchungulia mdomo wa mtutu, akasema fimbo imeula upande mmoja. Doyle hakungoja amalize. Jioni ile kinyozi alijua, Jumapili kanisa zima lilijua.

"Miaka kumi na sita nalaumiwa mimi," alisema nje ya kanisa, mkono begani kwa Oleta, "kumbe ni mama huyu! Amesugua bunduki ya baba yake mpaka akaiua. Mngeona anavyosugua masufuria!"

Watu wakacheka. Burl, mdogo wake Asa na mkuu wa kambi, alicheka mpaka akakohoa. Oleta naye akatabasamu, akaomba wamwachie keki ya viazi vitamu kwenye chakula cha baada ya ibada.

Treadway aliubana mtutu wa zamani kwenye jiliwa, akaufungua na spana ndefu kama mguu, akafunga mpya, akapanga upya alama ya kulengea. Akaifunga bunduki juu ya meza na mifuko ya mchanga, wakapiga karatasi. Risasi tatu zingefunikwa na kifuniko cha chupa ya asali. Doyle aliitembeza karatasi ile mfukoni kama picha ya mjukuu.

Mtutu wa zamani alimtupia Oleta bustanini. "Chukua. Nyanya zako zipate kitu cha kuegemea."

Oleta aliufuta udongo kwa kitambaa chake cha kichwani. Karibu na mdomo kulikuwa na kovu, pale Asa alipouangusha juu ya reli mwaka aliozaliwa Oleta. Asubuhi yake aliupeleka mjini.

"Binti Asa," Treadway alisema, "mtutu huu ni mzima. Mdomo tu ndio umelika. Ningeukata upana wa kidole, nikausawazisha, ungepiga kama zamani. Mumeo hakuniuliza, aliniamuru."

"Na huo mpya?"

"Mzuri. Mzuri kuliko mwenye bunduki."

"Usimwambie."

Treadway akaukata, akaacha kovu, akausawazisha mdomo kwa tupa na mkono mwepesi, akaufunga kwenye mwili wa bunduki ya aina ile ile uliokuwa ukilala vumbini bila mtutu. Oleta alimlipa kwa pichi za chupa, rafu nzima.

Asubuhi ya kwanza ya msimu wanaume walikwenda kwenye vituo, mbwa wakaachiliwa. Oleta aliacha maharage yakitokota, akatoka na bunduki ndani ya gunia la unga, akakaa nyuma ya rundo la kuni, pale kijito kinapopindia. Alijua kulungu anayeponyoka tutani hukimbilia wapi. Alikuwa akiwatazama dirishani miaka yote hiyo, mikono imejaa sabuni.

Mbwa wakapandisha sauti. Tutani mlio mmoja. Wa pili. Wa tatu, wa haraka haraka. Kisha dume lenye pembe za ncha nane likateremka, zima, mkia juu. Oleta alipiga moja tu.

Doyle alifika mbio, anahema. "Wangu huyo! Nilimjeruhi juu kule!"

Burl alimgeuza mnyama huku na huku. "Tundu ni moja, kijana. Na hili limeingia kutoka huku chini."

"Basi ni nani..."

Oleta alikaa juu ya kuni, bunduki magotini. Doyle aliutazama mtutu, akaona kovu.

"Huo si ule..."

"Ndio huo. Kijiti cha nyanya."

Wote wakacheka, na kilikuwa kicheko cha kuvunja mbavu.

"Baba mdogo," Oleta akamwambia Burl, "kituo cha nani sasa?"

Burl alijikuna shingo, akawatazama wenzake, hakupata msaada. "Hili ni pindo lake la tatu, na hatujawahi kumkatalia aliyeangusha," akasema mwisho. Akampa mkasi. "Basi na kukata ukate wewe."

Shati alikuwa amelishona mwenyewe, la flaneli ya kijani. Alianza pindoni kama desturi. Hakuishia pindoni. Mkasi ukapanda mgongoni, ukapita mabegani, mpaka ukosini. Vicheko vikapungua, vikaisha. Mgongo wa Doyle ulikuwa mweupe na wenye vipele vya baridi.

"Oleta," akasema kwa sauti ndogo. "Inatosha."

Alimaliza ukosi. Kisha akavua aproni, akamfunga kiunoni, mafundo mawili.

"Maharage yako motoni," akasema. "Usiyaunguze."

Doyle alipika pale miaka kumi na moja, chini ya mgongo mzima wa shati lake. Oleta alikaa kwenye kisiki cha baba yake, na Jumapili alisafisha bunduki mwenyewe, polepole, akiikinga fimbo kwa vidole isiguse mdomo. Doyle aliponyoosha mkono kusaidia, alimwambia, "Acha, utaiua."

Jioni moja ya baridi, mwaka ule wa kwanza, Doyle alikaa muda mrefu akiikodolea bunduki yake iliyotundikwa.

"Mke wangu, niambie kweli," akasema. "Wewe umefundishwa na Mzee. Kosa langu ni nini?"

Uso wake ulikuwa wazi kabisa. Angelisikia neno lolote usiku ule, na angelishika.

Oleta alimwangalia, akaendelea kukunja soksi.

"Sijui, Doyle. Labda ni mtutu."

Jumatatu Doyle aliibeba bunduki yake tena kwa Treadway.