Vitabu vya Karatasi ya Kaki

Kampuni yetu ya vitabu ilianzia kwenye chumba kimoja mtaani Bondeni. Tulikuwa wawili: mimi na rafiki yangu, nesi mstaafu ambaye hakuweza kukaa bila kutibu mtu. Tulichapisha vijitabu vya mwili na roho: namna ya kupumua ukishikwa na hofu, kupata usingizi baada ya msiba, kukaa kimya bila kujiona mjinga. Yeye aliandika, mimi nilihariri, na tuligombana juu ya kila koma.

Mwanzoni vilikaa tu rafuni. Makanisani watu waliambiwa kwamba mambo ya kupumua-pumua huita mapepo, na mteja aliyethubutu kuingia aliomba afungiwe kwa gazeti, kama nyama. Rafiki yangu alicheka, kisha akaamua tuvivike vyote karatasi ya kaki kama vitabu vya shule, bila jina nje. Vikaanza kununuliwa. Tukaishi hivyo miaka yote, tukiwauzia watu ambao tukikutana sokoni hawatusalimii.

Mwaka jana alifariki, tukamzika kwao Elburgon. Wasifu wake uliposomwa nilikaa wima nikingoja. Nesi, mama, mshirika mwaminifu wa kanisa. Basi. Vitabu havikutajwa hata kwa neno moja, nami nikatambulishwa kama rafiki kutoka mjini. Niliumia, na hasira ikanipanda.

Wakati wa kuosha vyombo mama mmoja alinisogelea, akaangalia nyuma kwanza.

"Kitabu yenu ndio ilinisaidia kulala vile bwanangu alikufa," akanong'ona. "Lakini usiseme hapa."

Nikawatazama akina mama wote pale kwenye makarai, nikajiuliza ni wangapi. Mtu ambaye ningecheka naye juu ya hilo tulikuwa tumetoka kumfukia.

Niliporudi nilichapisha kitabu chake upya, jina lake kubwa juu ya jalada, nikaapa sitavika kitabu kaki tena. Mteja wa kwanza alikuwa mama kijana kutoka Subukia, aliyefiwa na mtoto. Alisoma ukurasa mzima akiwa amesimama, machozi yakimtoka.

"Nifunikie, mathe," akasema.

Nikamwambia karatasi imeisha. Akalitazama lile jina, akakirudisha kitabu mezani, akaelekea mlangoni.

Nikamwita. Niliinama chini ya meza, nikatoa kaki, nikakunja pembe vile rafiki yangu alivyonifunza, mpaka jina lake likafunikwa lote. Yule mama alipotoka nililitamka mwenyewe, kwa sauti, na hapakuwa na mtu wa kuitika.