Mbwa wa polisi, mafuta ya sifa na tezo yenye pengo: yaliyonikuta Wiyoni

Wakuu, salaam aleikum.

Mimi si msomi, shule niliiacha darasa la tano. Lakini leo nina workshop ya mashua hapa Wiyoni na mafundi saba chini yangu, na hakuna aliyenishika mkono. Haya yamenitokea mwenyewe. Mengine yananiaibisha, kwa hiyo mjue sijatia chumvi.

Mashua ya mteja, Bwana Athmani, ilikuwa imebaki siku moja ishuliwe majini. Asubuhi tunafika, usukani umekatwakatwa. Mbao ngumu ya mbambakofi, kavu, kazi ya wiki tatu.

Polisi wakaja na mbwa. Nyayo zilikuwa zimeshafutwa na maji kujaa. Mbwa akanusa vipande, akazunguka, akaja kukaa mbele yangu mimi.

Watu wakacheka. Mafundi wote tunanuka sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka mbao. Angekaa mbele ya yeyote.

Nikamwambia afisa, "Mpumzishe mbwa. Hapa mpelelezi ni mimi."

Nikaokota kipande. Tezo, lile shoka dogo la kuchongea, ikiwa na pengo kwenye makali, kila pigo huacha mstari mwembamba juu ya mbao, mahali pale pale. Tulifundishwa hayo Matondoni na marehemu fundi wetu, mimi na mwenzangu Shee. Mzee alikuwa anafumba macho, anapitisha kidole kwenye mbao, anasema, "Hapa umechonga wewe. Hapa Shee." Hakosei.

Hadi leo nikinusa sifa namwona, kofia imemrudi kisogoni. Mimi na Shee tulilala juu ya maranda tukicheka mpaka anatufokea. Hatukuwa na kitu, na sijui kama nimewahi kulala vizuri vile tena.

Basi, mstari ulikuwepo. Nikasema, huyu ni Shee. Tangu tukijifunza kazi tezo yake ina pengo, aliipiga kwenye msumari uliojificha ndani ya mbao, mzee akamnyima zana mwezi mzima. Kisa hicho nimekisimulia baraza zote. Tena Bwana Athmani alimhama yeye akaja kwangu, kwa hiyo sababu anayo.

Shee akaletwa kutoka Matondoni na sanduku lake la zana. Hatujasemezana miaka. Mkewe nyuma yake, analia kimya. Pingu zinangoja.

Afisa akatoa tezo ya Shee, nikaijaribu kwenye ubao. Safi, hakuna mstari.

Shee akaniangalia. "Bwana Omari, msumari uliupiga wewe. Mamako alikuwa mgonjwa, ukawa unaogopa kufukuzwa. Nikasema ni mimi. Umesahau?"

Wakuu, sikusahau. Kisa nilikisimulia kinyume mara nyingi hadi nikakiamini.

Tezo yangu ya ujana nimeitundika ukutani ofisini, pambo la kuwaonyesha wateja. Ningeweza kusema imepotea. Nikaitoa mwenyewe, nikapiga ubao. Mstari ule ule. Na kwenye makali kuna vumbi jipya la mbambakofi.

Kumbe mbwa alikuwa ameukaribia ukweli.

Kisha msimamizi wangu, Kombo, akavua kofia.

"Ni mimi. Usukani ule niliuchonga mimi, wiki tatu. Ukamwambia mteja ni kazi ya mkono wako. Haya, kama ni kazi yako, nikaikata kwa tezo yako."

Nikakiri mbele ya wote kwamba asemayo ni kweli.

Nikaomba kesi iishie pale, Bwana Athmani akaridhika. Kombo akachonga usukani mwingine, na siku ya kushua nikamsimamisha mbele ya watu nikamtaja jina.

Ijumaa nikaenda Matondoni kumpa Shee ile tezo. Akapitisha kidole kwenye pengo, amefumba macho kama mzee, akacheka.

"Irudishe ukutani," akasema. "Ila wateja wakiuliza, waambie msumari aliupiga nani."

Nimeirudisha. Wakiuliza, nawaambia.

Nilichojifunza: mbao haisahau mkono, ni sisi tunaosahau. Nanyi wakuu, nani aliwahi kubeba kosa lenu, na mlishamtaja? Andikeni hapa chini, ninasoma zote.