Kadi Iliyolala kwa Kibeti

Kila asubuhi kabla ya chai, mama mdogo Peres alikuwa anavuta droo zake kumi na mbili, moja moja, anazipangusa vumbi. Ndani mlikuwa na kadi za kesi za uvamizi, mwandiko wake wa miaka ishirini na mmoja. Polisi walikuwa wanapanda mpaka ghorofa ya tatu, hapo ofisi ya rekodi katikati ya jiji, kumuuliza, "Mama, kuna mwingine alivamiwa hivi?" Alijua.

Halafu ikaletwa kompyuta. Kila kituo kinaingiza kesi zake, zote zinakutana humo. Ikaja pamoja na Ivyne, msichana wa juzi, akapewa kiti cha kuzunguka.

Nyumbani kwetu Riruta, Peres alimenya viazi kwa hasira mpaka vikabaki kama njugu.

"Ati leo Mutie amemletea chai! Mkubwa wetu mzima! Mimi hajawahi kuniletea hata maji."

Mwezi wa nne watu wakaanza kukatwakatwa ndani ya nyumba zao, mtaa wa Mountain View. Ivyne akaandika "panga", kompyuta ikamtolea kesi mia tatu. Peres alisoma ripoti mara moja tu. Mikono ilifungwa kwa kamba za viatu vya mwenye nyumba. Kesi kama hiyo aliiandika miaka tisa nyuma, na jina la aliyefungwa jela. Kadi hiyo haikuwa imeingizwa bado.

"Umeona kitu, mama?" Ivyne akauliza.

"Si uulize mashine yako."

Kadi akaitia kwa kibeti, mkoba wake wa mkononi. Niliiona humo Jumatatu jioni alipokuwa akitafuta ufunguo. Nikamsaidia kuutafuta.

Alhamisi mlinzi anaitwa Joash akavamiwa, akapoteza mkono. Tena kamba za viatu. Usiku huo Peres hakula. Asubuhi akaweka kadi mbele ya Ivyne.

"Andika hilo jina."

Ivyne akaandika. Kumbe mwezi jana kituo kingine kilimshika huyo mtu kwa vita vya baa, wakaandika anakokaa. Saa nane mchana alikuwa ndani ya seli.

Mutie akaita ofisi yote ipige makofi. "Ivyne, wewe ni moto!"

"Si mimi, afande," Ivyne akasema, amefurahi kweli. "Ni mama. Alikuwa na kadi."

Mutie akageuka. "Ulikuwa nayo tangu lini?"

"Jumatatu," Peres akajibu.

Makofi yakakatika. Peres akachukua sweta, akashuka ngazi. Ivyne alimwita mpaka barabarani. Hakugeuka, na mpaka leo hajarudi kazini.