Rahabu na Mkanda wa Maji

Tangu biashara iachiwe huru, Rahabu wa Magamba hakumngoja tena mtu wa ushirika. Hoho zake aliziuza mwenyewe, na mnunuzi aliyeondoka kwake akicheka, basi alikuwa hajafunua tenga hadi chini. Mwaka wa tisini na tisa hoteli moja ya Tanga ilimwahidi kuchukua matenga sita kila Jumamosi. Akikosa Jumamosi ya kwanza, nafasi ingekwenda kwa Selemani wa Magoma, kule chini kusikojua baridi.

Uvivu wa kubeba ndoo ndio uliomponza. Wenzake hoho za Julai walizipanda mteremkoni. Yeye akazipanda bondeni kabisa, karibu na kijito, na kila mtu wa Magamba anajua kuwa baridi ya Julai hushuka kulala bondeni. Alhamisi ile mbingu ilitakata na upepo ukatulia, dalili tupu za sakitu, baridi ile inayogandisha umande na kuunguza majani, na hoho zilitaka wiki moja zaidi zinenepe.

Kwenye banda lake la chai, wateja wawili walikuwa wakigombea dunia. Mwalimu Nathanaeli, mstaafu wa jiografia, alikuwa amesoma katika jarida lililoachwa na mtalii kwamba miaka milioni mia saba iliyopita dunia nzima iliganda, hata ikweta, ikawa donge la barafu. Omari, bwana shamba, alikataa katakata. Mwani wa baharini ungepata wapi jua? Lazima ulibaki mkanda wa maji katikati. Walikuwa na siku ya tatu kwenye ubishi huo, na chai moja moja.

Rahabu akaweka birika chini.

"Mwalimu, nyie wasomi mnabishania barafu msiyoiona. Ya kwangu inakuja usiku huu."

"Yako ni sakitu tu, mama."

"Basi ni ndogo, mtaiweza. Omari apitishe maji katikati ya hoho zangu, kandokando aziache kavu. Kesho tutajua nani muongo."

Omari alimwambia Mwalimu kwamba kama anaogopa, abaki na chai yake. Mwalimu akavua koti. Alishika jembe ili, kwa maneno yake, asije akasingiziwa kuwa mfereji ulichimbwa vibaya. Hadi magharibi maji yalikuwa yakitambaa kati ya matuta, na Rahabu amekaa juu ya jiwe akiwaonyesha palipopinda.

Ijumaa asubuhi bonde lilikuwa jeupe. Jua lilipopanda, hoho za kandokando zikalegea na kuwa nyeusi. Za kando ya mfereji zilisimama, kijani kibichi. Mwalimu alionyesha weusi, Omari akaonyesha kijani, kila mmoja akadai ameshinda. Rahabu alisema kwamba kwa msomi usiku mmoja si ushahidi. Wakashuka kila jioni wiki nzima kupitisha maji, kulinda hoja zao.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, ile ya kwanza kwa hoteli, gari la Tanga lilipakia matenga sita. La sita alilipanga kwa mkono wake, kubwa juu, ndogo chini.

Kwenye banda ubishi ulikuwa umehamia kwenye swali la barafu hiyo iliyeyukaje. Rahabu aliwasikiliza kidogo, akamwongezea Mwalimu chai bila kuombwa.

"Hilo nalo ni zito," akasema. "Bahati nzuri mfereji wa juu wa shamba langu umejaa tope. Mkiuzibua nyie wawili, tutajua nani muongo."